Damu Nyeupe ya Disney na Miwani Tunayotaka Kuwavisha Mabinti

Wanaotaka kuwafundisha mabinti hedhi kwa miwani ya uhalisia pepe wana kazi moja kabla hawajanunua hata miwani moja. Wakae waitazame upya The Story of Menstruation, filamu ya Disney ya mwaka 1946, na waisimamishe pale utando wa mfuko wa uzazi unapoanza kubomoka. Mlioiona mnapajua. Mchoro wa kizazi umekaa katikati ya skrini, yai limeshapita, utando umejaa, msimulizi Gloria Blondell anaeleza kwa sauti ya utulivu, na kile kinachoanza kushuka ni cheupe. Cheupe pe.

Ulikuwa uamuzi mbaya, na sijasikia utetezi wake unaosimama.

Watu wa Disney niwape haki yao kwanza. Kwa dakika 10 tu filamu ile ilifafanua kazi ya tezi ya pituitari na homoni kwa mtiririko unaofuatika, ilimruhusu msichana kuoga akiwa kwenye siku zake wakati wengi bado waliamini maji yatamdhuru, na inaaminika ndiyo ya kwanza kutamka neno uke kwenye skrini. Turudi kwenye rangi.

Katika filamu ya watu na kamera, rangi inaweza kuharibika kwa taa mbovu au kwa ukanda uliochakaa. Katuni haina kisingizio hicho. Kila kilichomo kimepakwa na mkono wa mtu, na juu ya mkono huo kuna msimamizi aliyekubali kazi ipite. Na hii haikuwa studio ya wanagenzi. Mwaka 1937 walikuwa wameshampa Snow White tufaha jekundu ambalo dunia nzima ilishindwa kulisahau. Mwaka 1943, katikati ya vita, walikuwa wameshatengeneza The Winged Scourge kufundisha watu kuhusu mbu na malaria, kwa hiyo filamu za afya walizijua. Kwa hii ya hedhi wakamwajiri daktari wa wanawake, Mason Hohn, ahakikishe sayansi iko sawa. Rangi nyekundu ilikuwepo, fedha zilikuwepo, mtaalamu alikuwepo. Walipofika kwenye jambo lenyewe lililobeba jina la filamu, wakachovya brashi kwenye rangi nyeupe.

Mtazame na mfadhili. Filamu ililipiwa na International Cellucotton, kampuni ya Kimberly-Clark iliyouza pedi za Kotex. Malighafi ya pedi zile, selukotoni, ilitumika kufungia vidonda vya askari katika Vita Kuu ya Kwanza. Wauguzi wakaona inanyonya damu kuliko pamba, wakaanza kuitumia kwa siku zao, na kampuni ikaona soko. Bidhaa nzima ilitokana na damu nyekundu ya majeruhi. Robo karne baadaye, kampuni hiyohiyo inalipia somo ambalo damu imeondolewa rangi, kisha inawagawia wasichana kijitabu cha Very Personally Yours chenye kuitangaza Kotex. Aliyekusudia kuuza kinyonyaji cha damu alijua vizuri sana kinachonyonywa.

Utetezi ninaousikia kila nikigusa suala hili ni kwamba zama zile zilikuwa na haya, na kwamba mtoto wa miaka 11 angetishika darasani akiona wekundu. Tufuate hoja hiyo hadi mwisho. Mtoto huyo atauona wekundu, hilo halina mjadala. Kilichobaki kwa mwalimu kuamua ni mahali pa kuuona kwa mara ya kwanza: darasani, penye watu wa kumweleza, au chooni, peke yake, mlango umefungwa. Filamu ilichagua chooni. Na chooni kwenyewe mambo hayaendi kama mchoro. Damu ya kwanza mara nyingi haiji hata kwa wekundu. Huja na rangi ya kahawia, wakati mwingine karibu na nyeusi, kwa sababu imekaa ndani kwa muda na kukutana na oksijeni. Huacha alama ndogo kavu kwenye chupi, na msichana asiyeambiwa hudhani ni uchafu au ugonjwa. Huzifua kwa siri siku mbili tatu kabla hajamwambia mtu. Kisha damu hushuka na vibonge. Hayo ndiyo ya kufundisha, kwa kuwa ndiyo yatakayomkuta. Inakadiriwa wanafunzi milioni 105 wa Marekani waliitazama filamu ile, na hakuna hata mmoja aliyetoka akiwa ameona rangi ya damu yake.

Wasomaji wa siku nyingi wanaujua ugomvi wangu na kioevu cha bluu cha matangazo ya televisheni. Ni mtoto wa rangi nyeupe ile. Vizazi na vizazi tumeonyeshwa birika dogo likimimina maji ya bluu juu ya pedi, hadi mwaka 2017 chapa ya Bodyform ya Uingereza ilipothubutu kuweka wekundu katika tangazo lake. Miaka 71 baada ya Disney! Wakati watangazaji wakijadiliana kuhusu bluu, mabinti wa huku waliendelea kulipia doa jekundu kwa gharama kubwa. Septemba 2019, katika Kaunti ya Bomet nchini Kenya, msichana wa miaka 14 alijitoa uhai. Familia yake ilisema alikuwa ameitwa mchafu na kutolewa darasani baada ya kuchafua sare. Februari 2023, Seneta Gloria Orwoba aliingia Bungeni Nairobi na suti nyeupe yenye doa jekundu, wenzake wakalalamika, akatakiwa atoke. Watu wazima, watunga sheria, walishindwa kuketi chumba kimoja na rangi ambayo shuleni haikuwahi kuonyeshwa. Na kwetu Tanzania, kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike ilifutwa mwaka 2018, ikarudishwa 2019 kwa hoja kwamba bei madukani haikushuka. Bei isiposhuka unamfuata mfanyabiashara. Serikali ikamrudishia mzigo msichana. Hilo sitaacha kulisema.

Sasa turudi kwenye miwani, kwa sababu hapa kosa la 1946 linaweza kukua mara kumi.

Filamu ya ukutani ina faida ambayo watu wa teknolojia huidharau: wasichana wanaitazama pamoja. Mmoja anaziba uso, mwingine anamgonga kiwiko, wa tatu anacheka, na kicheko hicho kinawaambia wote kwamba hakuna aliye peke yake. Ukivaa miwani, yote hayo yanakatika. Macho yamezibwa, masikio yamezibwa, mwalimu haoni unachokiona wala haoni uso wako. Kisha kuna suala la ukubwa. Mfuko wa uzazi wa mtu mzima asiye na mimba una urefu wa sentimita 7 au 8. Ndani ya miwani mtengenezaji anaweza kuufanya ukumbi ambao msichana anasimama katikati yake, kuta zikipanda juu ya kichwa. Na mwili huiamini miwani. Ndiyo maana mtu aliyesimama sebuleni kwake hutetemeka magoti akionyeshwa ukingo wa jengo refu. Ukimweka binti katika ukumbi huo, halafu kuta zikaanza kumwaga maua ya waridi, vumbi la dhahabu au theluji, umefanya zaidi ya kumficha jambo. Umempa kumbukumbu ya mwili iliyo ya uongo, na chooni ataikuta kinyume chake.

Ile tamaa ya kumwingiza msichana ndani ya kizazi nayo siipendi. Najua inavutia wafadhili. Lakini hakuna binti atakayewahi kusimama ndani ya kizazi, ilhali kesho saa nne asubuhi anaweza kusimama mbele ya choo cha shule kisicho na komeo, maji yako mbali, ndoo ya taka hakuna, na sketi imeshalowa. Nguvu halisi ya uhalisia pepe ni kumweka mtu mahali. Basi mwekeni hapo. Mpeni dawati, mpeni ahisi unyevu na ajiulize kumetokea nini, mpeni sweta la kufunga kiunoni, mpeni mwalimu wa kiume mbele na rafiki pembeni, achague atamwambia nani na atasema nini. Akosee, arudie. Halafu wavisheni wavulana miwani hiyohiyo, wakae katika dawati hilohilo wakisikia wenzao wanavyocheka. Somo hilo filamu haiwezi kulitoa hata kwa saa mbili.

Waliotutangulia walilijua hili bila umeme. Kungwi hakuanza na mchoro wa ovari. Alianza na mwili ulioketi mbele yake, na kitambaa, jinsi ya kukikunja, kukifunga, kukifua na mahali pa kukianika. Somo wa mwari hakuondoka baada ya dakika 10. Alibaki kuwa mtu wa kuulizwa hadi mwari anapokuwa mama. Na wekundu hawakuukimbia. Katika baadhi ya mila za pwani na za kusini, shanga nyekundu za kiunoni ndizo zilizobeba habari ya hedhi ndani ya nyumba, na nyeupe zikabeba habari ya kumalizika kwake. Hizo ni rangi zilizofanya kazi, kila moja mahali pake. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alipiga ngoma za unyago hadi uzeeni, na kilichofanya mafunzo yale yakae kichwani ni kwamba mwari aliyacheza kwa viungo vyake mwenyewe, mbele ya wanawake wanaomjua. Unyago una makosa yake, na yale ya kumharakisha mtoto kwenye ndoa siyatetei. Lakini kwa ufundi wa kufundisha hedhi, kungwi anamshinda Disney asubuhi na mapema.

Hata karatasi imeshaishinda skrini. Kitabu cha Vipindi vya Maisha, alichokiandaa mtafiti Marni Sommer kwa ajili ya wasichana wa Tanzania, kilitokana na kuwasikiliza wanafunzi wenyewe, na ndani yake mna simulizi zao za siku ya kwanza, za waliokuwa shuleni na waliokuwa nyumbani, za aliyeogopa kusema na aliyesaidiwa. Anayebuni somo la miwani ana hadithi hapo za kumtosha bila kubuni waridi.

Jambo moja la vifaa, kwa kifupi. Kwa miaka mingi baadhi ya watengenezaji wakubwa waliweka miaka 13 kuwa umri wa chini wa kuvaa miwani hii, na Meta walishusha hadi 10 mwaka 2023, tena kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi. Wapo wanaovunja ungo wakiwa na miaka 10 au 11. Anayepanga kulianza somo kidato cha kwanza amechelewa, na anayetaka kuliwahisha darasa la tano atahitaji mzazi akubali kwanza. Kwa hiyo mama, shangazi na bibi waingizwe mapema, wavae miwani wao kwanza, na kuwe na skrini pembeni inayomwonyesha mwalimu kile mtoto anachokiona.

Mengine yote yanaweza kurekebishwa baadaye, isipokuwa lile la rangi. Wachoraji wapake nyekundu na kahawia. Waonyeshe vibonge. Waonyeshe kwamba kwa kawaida damu ya mwezi mzima ni mililita 30 hadi 40, ili binti akiona pedi imelowa asidhani anaisha, na waeleze kwamba ikizidi mililita 80 ni ya kupeleka hospitali. Waseme kuwa miaka miwili ya mwanzo tarehe huruka ovyo bila kuwa ugonjwa. Na afisa wa wizara au mkuu wa shule atakayeletewa somo hilo asikilize maelezo ya mradi baadaye. Aombe kwanza aonyeshwe dakika ya damu. Akiikuta nyeupe, ya bluu au ya waridi, awarudishie miwani yao.