"Oksijeni Moja" na "Oksijeni Tatu": Kinahesabiwa Nini?

Rasimu ya istilahi za kemia tuliyoletewa ili tuihakiki ina sifa zake: tahajia ni safi, na uambishaji unafuata kanuni. Lakini imeteleza mahali pabaya. Hali mbili za molekuli ya oksijeni, singleti na tripleti, zimepewa majina "oksijeni moja" na "oksijeni tatu".

Mwalimu akikuta "oksijeni tatu" atawaza nini ila ozoni, yenye atomu tatu? Kumbe hali zote mbili ni za molekuli ileile ya atomu mbili. Kinachohesabiwa ni hali ambazo jumla ya spini za elektroni zaweza kuwamo: tatu katika oksijeni ya kawaida tuivutayo, moja katika ile iliyosisimuliwa, ambayo nishati yake imezidi kwa kilojuli 94 hivi kwa kila moli.

Mfasiri wa makala za ukokotozi ndiye atakayeumia zaidi. Wakokotozi wa kemia hutuambia kwamba singleti hii haielezeki vema kwa mpangilio mmoja wa elektroni. Sharti mipangilio kadhaa ichanganywe, ama sivyo kompyuta itatoa nishati isiyo sahihi. Sasa tuandike kwa istilahi za rasimu: "oksijeni moja haielezeki kwa mpangilio mmoja". Hicho ni kitendawili, si sayansi.

Mwanga utokanao na mimenyuko hiyo nao umeitwa "mwako". Mwako ni wa moto. Mwanga mwekundu walioueleza Khan na Kasha mwaka 1963, utokao peroksidi ya hidrojeni inapokutana na hipokloriti, hauna ndimi za moto: molekuli mbili zilizosisimuliwa hukutana na kutoa nishati yao kwa pamoja. Molekuli iliyo peke yake hutoa mnururisho wa nanomita 1270 hivi, ambao jicho haliuoni kabisa.

Lugha yetu inamjua kimulimuli, ambaye naye huhitaji oksijeni ili atoe mwanga wake, na hakuna aliyepata kusema kwamba anawaka moto, humetameta. Kwa hiyo tunapendekeza "mmeto wa kikemia". (Asitokee wa kuufupisha uwe "kimeta", huo ni ugonjwa wa mifugo.) Singleti na tripleti zibaki zilivyo, kama elektroni ilivyobaki, na fasili fupi iwekwe mbele ya kila moja.