Kabla ya Kuangua

Chungwa la Muheza huiva likiwa na ganda la kijani. Ganda hubadilika rangi usiku unapopoa, na Tanga ya ukanda wa chini haina baridi ya kutosha. Kwa hiyo machungwa yake hubaki ya kijani, pengine na umanjano hafifu upande mmoja, huku ndani yamejaa maji matamu. Mnunuzi wa mjini asiyeyajua hulishika moja, akalitazama, akalirudisha kwenye fungu. Mwenye mti hashughuliki sana na rangi. Hulipima uzito kiganjani, hupitisha kidole gumba juu ya ganda kuona kama vile vinundu vya mafuta vimelainika, halafu hukata moja akalionja. Kuonja ni lazima, maana chungwa likishatoka mtini halizidi utamu hata kidogo.

Nataka kuisifu kazi hiyo ya kusimama mbele ya mti au tuta na kutamka "leo" au "bado". Hakuna anayeiita kazi. Ukimuuliza anayeijua amefundishwa na nani, hushangaa swali lenyewe. Lakini ndani yake mna macho, pua, masikio, vidole na kumbukumbu ya misimu mingi, vyote vikitumika kwa pamoja kwa muda usiotosha hata kumaliza salamu.

Tuanze na embe, kwa kuwa ndilo linalodanganya wengi. Embe, tofauti na chungwa, huendelea kuiva likishachumwa. Vivyo hivyo ndizi, papai, stafeli na parachichi. Yote haya hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo ndiyo inayoyaivisha. Hivyo mchumaji hatafuti embe bivu, anatafuta lililokomaa, na tofauti hiyo huwezi kuiona kwa kusimama mbali. Lisogelee dodo mtini, kwa upande. Likiwa changa, mabega yake yameteremka kutoka kwenye kikonyo. Likikomaa, mabega hunyanyuka na kujaa mpaka kikonyo kinaonekana kimezama kwenye kishimo, na mashavu hutuna. Ukilipasua, nyama iliyo karibu na kokwa imeshaanza kuwa ya manjano ingawa ganda bado ni la kijani, na kokwa lenyewe ni gumu kwa kisu. Lile lisilokomaa hata ulifunike kwa magunia mangapi litanywea tu, liwe na mikunjo, na ladha yake itabaki ileile ya uchachu. Na anayejua kuangua haliachi lianguke chini. Hulishusha kwa upembo wenye kikapu au wavu, hubakiza kipande cha kikonyo, kisha huliinamisha ili utomvu utoke bila kugusa ganda, kwa sababu utomvu wa embe huunguza ganda na kuacha madoa meusi.

Parachichi ni gumu zaidi kulisoma, kwani haliwi laini likiwa mtini. Ungoje usingoje, juu kule litabaki gumu. Wazee huangua moja la majaribio na kulipasua. Ganda linalofunika kokwa likiwa bado jeupe na nene, mti huachwa. Likiwa limekauka na kuwa la kahawia, kikapu huletwa. Kutojali kipimo hiki kuna gharama kwa nchi nzima: mwaka 2021 Kenya ilifunga kwa miezi kadhaa usafirishaji wa parachichi za Hass na Fuerte nje ya nchi, kwa sababu zilikuwa zikichumwa changa na kuharibu jina la zao hilo sokoni. Yaani serikali ililazimika kuamrisha kitu ambacho bibi mwenye mti mmoja nyuma ya jiko hukifanya bila kuamrishwa.

Ndizi nayo hupimwa kwa pembe. Tunda changa lina kingo kali unazoweza kuzifuata kwa kidole. Kadiri linavyojaa kingo hufifia, na yale masalia ya ua kwenye ncha hukauka, ukiyagusa yanapukutika. Hapo mkungu hukatwa, na za kuliwa mbivu huvundikwa kwa majani makavu ya mgomba. Atakaye kuziharakisha kidogo huchanganya humo tunda moja lililokwisha kuiva.

Lakini kama ningeulizwa ni nani bingwa wa fani hii, ningemtaja mkwezi. Mnazi hutoa karara jipya karibu kila mwezi, na nazi huchukua takriban mwaka mzima tangu ua hadi kukauka. Maana yake ni kwamba mtu aliyeko juu ya mnazi yumo katikati ya mwaka mzima: vidaka juu, vitale chini yake, kisha madafu, koroma, na nazi kavu kwenye mashada ya chini kabisa. Chini mwenye nyumba anapaza sauti, "Kaka, dafu nne za wageni, na zilizobaki za tui!" Mkwezi, miguu kwenye vidato na panga kiunoni, hugonga kwa mgongo wa panga na kusikiliza. Dafu limejaa maji pomoni, halina nafasi ya kuyachezesha. Koroma maji yake yameanza kupungua na nyama inakaza. Nazi iliyokomaa ukiitikisa sikioni maji yanagonga. Akikosea hatua moja tu akashusha koroma badala ya nazi, tui jikoni litakuwa jepesi, wala wali hautanoga. Naye anayachambua hayo yote akiwa ameshikilia shina kwa mkono mmoja, upepo ukilitikisa.

Tunaambiwa mvumilivu hula mbivu, na kwa embe ni kweli tupu. Kwenye bamia methali hiyo haina kazi. Bamia huwa tayari siku chache tu baada ya ua kudondoka, na kila siku inayopita huongeza nyuzi. Kipimo kiko kwenye ncha: ikunje kwa kidole. Ikikatika kwa mlio mdogo, ichume. Ikipinda tu, imekwisha komaa kupita kiasi na hakuna mchuzi utakaoilainisha. Ndiyo maana mwenye bamia hupita shambani karibu kila asubuhi, tena zile zilizomponyoka huzitoa hata kama hatazipika, kwa kuwa mmea ukiona mbegu zake zinakomaa hupunguza kuzaa. Mchicha hutaka wepesi huohuo, uchumwe kabla haujatoa maua. Bilinganya huchumwa ganda likiwa bado linang'aa, maana likififia mbegu zimekuwa ngumu na uchungu umeingia.

Vilivyolala chini au kujificha ardhini vina dalili zake. Tikiti hutazamwa tumbo, pale lilipogusa udongo: weupe ukigeuka manjano ya siagi, na kile kiuzi kilichojisokota karibu na kikonyo kikikauka, hapo tena lipigwe kofi, litoe sauti nzito. Boga hujaribiwa kwa ukucha. Viazi vitamu hupasua tuta vikinenepa, ila nyufa pekee hazitoshi. Chimba kimoja, kikate, kiache hewani kidogo. Utomvu ukikauka ukiwa mweupe, chimba vyote. Kipande kikiingia weusi, fukia tuta, urudi baadaye.

Ninachokihuzunikia ni haraka. Mwizi wa usiku, tumbili na dalali mwenye fedha taslimu wote humsukuma mtu kuangua kabla ya wakati, na sokoni tunakuta maembe yaliyoivishwa kwa kabaidi ya mafundi wa kuchomelea: ganda la manjano kabisa, ndani tunda bichi lisilo na harufu, na kabaidi yenyewe inaweza kubeba mabaki ya sumu ya aseniki. Mtoto aliyekulia kwenye maembe hayo hajui embe lina ladha gani, na anayelilimia soko la namna hiyo hana sababu ya kujifunza kutazama mabega. Kwa hiyo mti mmoja wa uani, unaoangaliwa na mtu asiye na haraka, una thamani kubwa kuliko matunda yake.

Na kuna uvunaji mwingine ambao mlaji wa mjini haufikirii kabisa, wa mbegu. Katika shina lile lenye bamia nzuri kuliko yote, moja hufungwa kitambaa ili kila mtu wa nyumbani ajue haichumwi. Hurefuka, hukakamaa, hugeuka rangi ya kahawia na kuanza kupasuka kwenye mishono. Ukiitikisa ikalia, ikate. Mbegu zianikwe kivulini, zichanganywe na majivu makavu, zitiwe kwenye chupa yenye kizibo kinachobana, na chupa iandikwe mwaka.