Kitovu Kilipanda, Kocha Akaendelea Kuhesabu

Ile video ya kocha na mama aliyejifungua, ya mazoezi uwanjani, mmeiona. Imepita kila grupu la WhatsApp, Njiro hadi Ngaramtoni, na aliyeikosa ameshatumiwa na shemeji yake. Kwa hiyo siisimulii yote. Nakwenda moja kwa moja pale kocha aliposema "sitapu 30", maana pale ndipo kazi nzima ilipoharibika.

Kabla ya hapo mambo yalikwenda vizuri: mwili ulipashwa moto taratibu, maji yalikuwepo, mtoto alikuwa kivulini kwa bibi yake. Turudi kwenye kosa.

Mama amelala chali kwenye nyasi. Mtoto ana wiki 14. Ametaja mwenyewe kwenye kipaza sauti kwamba ana distrofia ya misuli, ile ya uso, mabega na mikono, FSHD. Kauli hiyo peke yake ilitosha kubadili ratiba ya asubuhi nzima. Kocha akajibu, "Hakuna kisichowezekana, dada yangu," akaweka vidole juu ya kitovu na kumwambia ainue kichwa. Kipimo cha pengo, mnakijua: misuli miwili inayoshuka toka mbavuni hadi kinenani huachana wakati wa mimba, utando wa katikati unalegea, na upana wake unapimwa kwa vidole.

Sasa isimamisheni video hapo, sekunde ya 41. Kichwa kinanyanyuka, mabega yamebaki chini, na kitovu kinapanda. Sisemi kinachomoza. Kinapanda kuelekea kifuani, upana wa kidole hivi, kama kifungo cha shati kinachovutwa kwa uzi. Kichwa kikirudi chini, nacho kinarudi mahali pake. Hiyo ni alama ya Beevor, imebeba jina la daktari wa neva wa Uingereza aliyefariki 1908, na wanafunzi wa fiziotherapia wanaikariri kabla hawajamgusa mgonjwa. Maana yake ni kwamba nusu ya juu ya misuli ya tumbo ina nguvu kuliko nusu ya chini, basi ya juu inashinda mvutano na kukikokota kitovu. Kwa mwenye FSHD ni jambo la kawaida sana, kwa sababu tumbo la chini ni mojawapo ya sehemu zinazodhoofika. Kocha alikuwa amekiinamia kitovu kile, umbali wa shubiri mbili. Akatazama vidole vyake badala ya kukitazama. "Pengo la viwili, tutalifunga," akasema, akakalia miguu ya mama na kuanza kuhesabu.

Jibu lilikuwa chini ya mkono wake, akalifunika kwa vidole.

Na hata pengo lenyewe halikuwa la kulikimbilia hivyo. Norway walifuatilia wanawake 300 wenye mimba ya kwanza: wiki 6 baada ya kujifungua, 60 kati ya kila 100 walikuwa na pengo, ulipotimia mwaka tangu kujifungua walibaki kama 33. Kwa wengi linajipunguza lenyewe, na waliobaki nalo hawakuumwa mgongo kuliko wenzao. Lakini pengo linauza. Piteni madukani mjini muone mikanda ya mpira ya kupunguza tumbo. Nimeandika sana juu ya mikanda hiyo na sitaacha.

Tuichambue sitapu yenyewe. Ina safari mbili, kupanda na kushuka. Kwenye kupanda, mtu mwenye tumbo dhaifu anavutwa na misuli ya nyonga, ndiyo maana kocha alilazimika kukalia miguu. Miguu ikishikwa, nyonga inafanya kazi kubwa, kiuno kinazidi kuingia ndani na tumbo linasukumwa nje, na huyu mama tayari anasimama kiuno ndani, tumbo mbele. Kushuka ndiko kubaya zaidi. Msuli unarefuka huku umebeba mzigo, na nyuzi ambazo ni dhaifu tangu mwanzo huumia hapo. Kuanzia ya 9 hashuki tena, anadondoka, sikilizeni kishindo. Ya 14 pumzi ameibana kabisa, na shinikizo lote linakwenda kwenye sakafu ya nyonga iliyobeba mimba juzijuzi tu. Ikafika 30, makofi, kamera ikageuka. Ila tazameni ukingo wa kulia wa picha. Anajiviringisha kwa ubavu, anapiga magoti, anajipandisha kwa kukanyaga mapaja yake mwenyewe kwa viganja, hatua kwa hatua, kama anapanda ngazi ya mwili wake. Huyo ndiye aliyeambiwa amefanya vizuri.

Halafu likaja jina la Akhwari. Nilijua litakuja. Kila mwenye kipaza sauti mkoani kwetu akiishiwa hoja anamwita mzee John Stephen Akhwari wa Mbulu, mkimbiaji wa marathoni, Olimpiki ya Mexico 1968, goti limefungwa bandeji na uwanja umeshaanza kuwa mtupu. Namheshimu mno, ndiyo maana sipendi atumike hivi. Akhwari aliumia goti. Misuli yake ilikuwa mizima. Ndiyo maana mwaka 1970, Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alimaliza marathoni katika nafasi ya 5. Aliumia, akapona, akarudi. Nyuzi za distrofia hazikutoa ahadi hiyo. Wengine watamtaja mkimbiaji Faith Kipyegon, aliyejifungua 2018 na kuchukua medali ya fedha ya dunia Doha 2019. Vizuri, lakini hesabuni miezi aliyojipa kabla ya kurudi mashindanoni, kisha mniambie wiki 14 zimetoka wapi. Mimi nadhani haraka hiyo imetoka kwenye likizo ya uzazi: siku 84, halafu kazini, na mtu anataka arudi akiwa na tumbo la picha.

Wazee wa kazi hii waliona mbali bila kamera. Mwaka 1958 Bennett na Knowlton waliandika kwamba msuli uliopoteza sehemu ya neva zake, kama ule wa aliyeugua polio, unaweza kudhoofika kwa kufanyishwa kazi kupita kiasi. Mwaka 1971 Johnson na Braddom wakaitazama familia moja yenye hii hii FSHD, wakaona mkono unaotumika zaidi ndio uliokuwa dhaifu zaidi. Ni kweli baadaye Waholanzi walijaribu mazoezi ya nguvu ya wastani kwa watu 65 wenye FSHD, mwaka mzima, matokeo yakachapishwa 2004, na hakukuwa na madhara ya kutajwa. Sawa. Mimi sisemi mama alazwe kitandani. Nasema wastani, na 30 huku umekaliwa miguu si wastani wa mtu yeyote.

Kuna jingine la kuwakumbusha wanaodhani wanawake hawa hawajui walipoingia. Utafiti wa Marekani wa 2006 uliwauliza wanawake 38 wenye FSHD kuhusu mimba zao. Kama robo yao walisema ugonjwa ulizidi wakati wa ujauzito, na mara nyingi haukurudi ulipokuwa. Bado 9 kati ya 10 walisema wangebeba tena. Watu wenye hesabu kali namna hiyo wanastahili kocha mwenye hesabu pia.

Mimi ni mtu wa mkaja, na wenzangu wa hospitali wananicheka. Lakini fikirini. Msuli wa ndani kabisa wa tumbo haushuki wala haupandi. Unazunguka kiuno kwa upana, vilevile kama mkaja, kitambaa alichofungwa mzazi kwa vizazi pwani nzima, hadi mama wa bibi harusi akapewa fungu lake kwenye mahari kwa jina hilo hilo. Mkunga wa jadi hakusoma anatomia, ila aliufunga mwili kwa mwelekeo ule ule wa msuli, kisha akamwambia mzazi alale. Huku kwetu mlimani bibi hufunga kanga, huleta mtori au loshoro, na humzuia mtu kubeba ndoo. Alikaza mno wakati mwingine, nakubali, na kukandwa kwa maji ya moto kumeunguza wengi. Lakini hakumwambia mtu apige sitapu.

Kocha alitakiwa kufanya nini? Amlaze kwa ubavu, mto katikati ya magoti. Mama atoe pumzi polepole, na pumzi inapotoka avute tumbo la chini taratibu kama anayefunga zipu ya suruali, ahesabu 5, aachie. Mara 5, apumzike, mara 5 tena, basi. Akishindwa kuzungumza huku anafanya, amezidisha. Kesho yake akiamka amechoka kuliko alivyolala, amezidisha, apunguze. Kocha amfundishe kuinuka kitandani kwa ubavu siku zote, na kumfunga mtoto mgongoni akiwa ameketi, maana mabega hayo hayatamrusha mtoto kwa kuinama. Amwonye kuwa kushuka toka Ilboru hadi barabarani kunaweza kuumiza misuli yake kuliko kupanda. Hayo yote hayana makofi, na hayaenei kwenye video ya dakika mbili.

Nasikia Jumamosi hii wanarudi uwanjani, safari hii planki ya dakika 2. Dada, usiende. Nenda kitengo cha fiziotherapia pale hospitali ya Mount Meru, au ushuke Moshi hadi hospitali ya KCMC, uende na simu yako. Wafungulie sekunde ya 41.