Usiangalie Rangi, Tafuta Tundu

Juzi ilipita hapa Mkwaja Land Rover ya zamani, chesisi nyeusi inang'aa mpaka unajiona sura, na watu wazima wakasifu: "Hiyo ndiyo kazi!" Kazi gani? Chesisi inayong'aa hivyo ni ya kutiliwa shaka. Chesisi ya fundi hupakwa kwa brashi, rangi yake imefifia kidogo. Anayepuliza kwa kompresa ana haraka ya kulipwa.

Gari lenyewe linadanganya. Tangu Land Rover ya kwanza ilipotoka Uingereza mwaka 1948, bodi ya magari haya ya zamani ni ya alumini, haishiki kutu kama chuma. Chesisi nayo ni chuma, boriti zenye uwazi ndani. Mwenye gari anaona bodi safi, anaridhika, kumbe chumvi ya pwani inaitafuna chesisi kutoka ndani kuja nje.

Basi lala chini. Kugonga kwa nyundo kila mtu anagonga. Wewe tafuta matundu ya kutolea maji, tumboni mwa boriti. Mnunuzi mgeni hayaoni kabisa, na mbabaishaji huyaziba kwa puti, kwa lami, au kwa bati alilochomelea juu ya bati bovu. Yakizibwa, maji hubaki ndani na chumvi yake, na rangi nzuri ya nje inayasitiri tu. Chomeka waya, uzungushe. Ukitoka na magamba na mchanga, ndani hakukuguswa. Ukitoka na utelezi wa oili, mpe fundi mkono. Kisha pitisha kidole kwenye ukingo wa tundu. Rangi mbichi hukimbia makali, ikabaki nyembamba, na hapo ndipo kutu huanzia. Kwa hiyo fundi hupaka kingo zote kwanza kwa brashi ndogo, ndipo apake uso. Ukingo ukikosa rangi, huko kwingine hata kupakwe mara tano, ni bure.

Na kabla ya rangi kuna kuosha. Zamani, kabla ranchi ya Mkwaja haijafungwa na ardhi yake kuingia Hifadhi ya Saadani, kulikuwa na mzee wa gereji aliyeosha chesisi kwa maji ya mvua aliyoyakinga kwenye pipa, akasugua kwa brashi ya waya, akaosha tena. Chumvi hujificha kwenye vishimo vya kutu, msasa hauitoi. Alilamba maji yaliyochuruzika. Yakiwa na munyu, anaosha upya. Praima ilipakwa siku hiyohiyo, chuma kitupu hakikulala na upepo wa bahari. Vijana wa leo wanakilaza hata wiki.

Mbabaishaji mmoja aliuza gari lenye chesisi ya kung'aa kwa mgeni wa Dar. Likakwama mchangani upande wa Bweni, karibu na kivuko cha Pangani, likafungwa kamba livutwe. Boriti ya nyuma ikaondoka na kamba, gari likabaki. Ndani ya puti, gazeti la michezo lilikuwa bado linasomeka.