Mti Uliopewa Mwili: Uchambuzi wa Ngoma ya Kifalme ya Burundi

Kusini mwa Bujumbura, katika eneo la Mugere, lipo jiwe kubwa lililochongwa majina ya wapelelezi Livingstone na Stanley pamoja na tarehe 25-XI-1871, na hapo maumbile yanamkumbuka binadamu kwa njia nyepesi, kwani binadamu aliandika nalo jiwe likahifadhi. Ngoma ya kifalme ya Burundi, iitwayo ingoma, inakwenda mbali zaidi, kwa kuwa mafundi wake hawakuandika juu ya mti, bali waliupa mti wenyewe umbo la mtu.

Kazi huanza kwa kuchagua shina la umuvugangoma, ambao ndio mringaringa wa Waswahili, likakatwa kipande kimoja na kukombwa ndani hadi libaki gogo lenye uwazi. Kisha ngozi ya ng'ombe, ingali na unyevu, huwambwa mdomoni mwa gogo na kushikizwa kwa vigingi, ili ikaukapo ijikaze na kuvuma inapopigwa. Vigingi hivyo huitwa amabere, yaani matiti, kiwiliwili cha gogo ni inda, yaani tumbo, na tako lake ni umukondo, yaani kitovu. Mwili huu wa mama haukuchaguliwa kwa ajili ya pambo, kwa sababu ngoma ilihusishwa na rutuba na uzazi wa nchi, nayo ilivuma katika umuganuro, sikukuu ya mtama iliyosimamiwa na mwami, yaani mfalme.

Lililo la kustaajabisha zaidi ni mpangilio. Ngoma, ambazo idadi yake huwa witiri, hupangwa nusu duara kuizunguka inkiranya, yaani ngoma kiongozi. Ngoma ziitwazo amashako hushikilia mdundo usiokatika, huku zile ziitwazo ibishikizo zikiifuata inkiranya kila inapogeuza mdundo. Ufalme ulikomeshwa tarehe 28 Novemba 1966, lakini utaratibu wa kumzunguka kiongozi na kumfuata ungali umehifadhiwa katika magogo hayo, na mwaka 2014 UNESCO iliiingiza sanaa hii katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Kwa kipimo hicho, ngoma inakumbuka mengi kuliko jiwe la Mugere, kwa kuwa jiwe limetunza majina mawili na siku moja, ilhali ngoma imetunza namna watu walivyoishi pamoja.

Kumbukumbu hiyo, hata hivyo, inadai mashina mapya yaliyonenepa vya kutosha, na kwa kuwa mringaringa hufaa kuwa kivuli cha mibuni, wakulima wa kahawa wa Burundi wana kila sababu ya kuupanda sasa.