Ziwa Kivu Ndani ya Kompyuta

Chini ya maji ya Ziwa Kivu wanamovulia samaki wadogo waitwao sambaza wavuvi wa Bukavu kuna gesi ya methani ipatayo mita za ujazo bilioni 60, na kabonidayoksaidi karibu mara tano ya hiyo. Uzito wa maji ndio unaozizuia gesi hizo zisipande juu. Mwaka 1986 ziwa dogo la Nyos, Kameruni, lilitoa gesi yake usiku na kuua watu wapatao 1,700.

Nani angethubutu kujaribu mtambo mpya wa kuvuna gesi hapa kwa kubahatisha?

Ndiyo maana waunda modeli za kompyuta za ziwa hili wanastahili pongezi. Mtambo hupandisha maji kutoka kina cha mita 350 hivi. Shinikizo likipungua, gesi hutoka kama soda iliyofunguliwa, nayo hukamatwa. Maji yaliyobaki yarudishwe wapi? Yakimwagwa juu mno, yatachafua maji ya samaki; yakirudishwa vibaya, yatadhoofisha tabaka lililo kwenye kina cha karibu mita 260 linaloifunika gesi. Watafiti wa Eawag, taasisi ya Uswisi, walikokotoa athari za miaka mingi ya uvunaji kwa kompyuta. Upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt sasa huzalisha megawati 26 za umeme.

Modeli hula vipimo. Hapo ISP-Bukavu, taasisi ya ualimu, nayo ipongezwe: watafiti wake wameteremsha chupa za kuchotea maji bonde la Ishungu, mwezi baada ya mwezi, kazi isiyo na shangwe.

Kongo itakapovuna upande wake, ianze na hesabu hizo, na vijana wa Bukavu wafundishwe kuzifanya wenyewe.