Koti la Kuazima: Usawiri wa Tom Ripley

Aghalabu mtahiniwa akiulizwa dhamira ya kazi yenye mhusika mwovu, huandika kuwa za mwizi ni arubaini, kisha akangojea alama. Filamu ya The Talented Mr. Ripley (1999), iliyoongozwa na Anthony Minghella, inamnyima jibu hilo.

Tom Ripley (Matt Damon) ni kijana fukara wa New York. Mwanzoni anapiga piano karamuni akiwa amevaa koti la kuazima la Chuo Kikuu cha Princeton. Tajiri Herbert Greenleaf anadhani kuwa Tom alisoma na mwanawe, Dickie, naye Tom hamsahihishi. Anatumwa Italia akamrudishe Dickie nyumbani. Koti hilo ni jazanda ya filamu nzima. Baada ya kumuua Dickie mashuani kwa kasia, Tom anavaa nguo zake, pete zake na hata jina lake.

Mbona basi tunamhurumia? Jibu limo katika mtazamo. Tunaandamana na Tom tangu mwanzo, tukizijua siri zake ilhali wahusika wengine hawazijui. Hiki ni kinaya cha kiigizo. Polisi wanapobisha mlango, taharuki yetu ni ile ya mhalifu: tunaomba asikamatwe! Marge, mpenzi wa Dickie, anaugundua ukweli lakini wanaume wote wanampuuza. Mtazamaji aliyenaswa na haiba ya Tom huwa amempuuza Marge pia. Hapo filamu inatushtaki sisi wenyewe.

Mwisho wa kisa unastahili kulinganishwa. Katika riwaya ya Patricia Highsmith (1955), Tom anaponyoka na kuupata urithi wa Dickie. Katika filamu ya Kifaransa ya René Clément, Plein Soleil (1960), maiti inaibuka ikiwa imenasa kwenye kamba ya mashua, na mkono wa sheria unamkaribia. Minghella hafuati njia yoyote kati ya hizo. Tom hakamatwi, ila analazimika kumuua Peter, mtu pekee aliyempenda kama Tom, ili uongo wake usifichuke. Kwa maoni yangu, huu ndio mwisho wenye uzito zaidi, kwani adhabu inatoka ndani ya kosa lenyewe. Kweli, nguo ya kuazima haisitiri matako.

Walimu wenzangu, tuwazoeze wanafunzi kutofautisha mhusika mkuu na mhusika mwema. Mtahiniwa ataje ucheshi wa Tom, unyenyekevu wake na ukatili wake, kila sifa na ithibati yake, kabla ya kutoa hukumu. Mwanafunzi aliyezoea kumtambua mwovu kwa uso uliokunjamana hatamtambua yule anayetabasamu, si katika mtihani tu, bali hata maishani.